Nyimbo Zilizokwama Kwenye iPod

Aliyekua enzi za kaseti anaujua mvumo wa nakala ya nakala. Kanda ya taarabu iliyonunuliwa Darajani iliazimwa na jirani, jirani akairekodi kwenye redio yake ya deki mbili, naye akamwazima shemeji yake, na ilipofika mkono wa nne fidla zilikuwa zimefifia na mwimbaji amezama ndani ya mchakacho wa utepe. Ndivyo utepe wa sumaku ulivyo. Kila ukirekodi upya, kelele ya utepe mpya hupanda juu ya kelele ya utepe wa zamani, na ukishazichanganya na muziki huwezi tena kuzichambua.

Kwa mazoea hayo tuliingia katika zama za muziki wa kompyuta tukiwa na hofu isiyo na msingi, na tukikosa hofu iliyo na msingi. Tunaogopa kuutoa wimbo kwenye iPod na kuupeleka kwenye kompyuta, tukidhani utapungua au utafutika. Lakini hatuogopi hata kidogo kuubadilisha wimbo huohuo kutoka MP3 kwenda muundo mwingine, kisha kuurudisha MP3 ili uingie kwenye simu, ingawa hapo ndipo unapopungua kweli. Jambo hili lina haraka yake. Katika droo za nyumba nyingi zimelala iPod na pleya ndogo zenye nyimbo ambazo hazipo tena mahali pengine: kompyuta iliyozipakia ilikufa, kaseti zililiwa na ukungu, na aliyezikusanya pengine ameshatangulia mbele ya haki.

Tuanze na kitu chenyewe kinachohamishwa. Ndani ya pleya hakuna sauti, mna tarakimu. CD, ambayo Sony na Philips waliitoa sokoni mwaka 1982, hupima kimo cha wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde, kwa spika ya kushoto na ya kulia, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani sifuri na moja zilizopangwa kumi na sita. Idadi hiyo ya vipimo haikuokotwa tu. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na hesabu zinazohusishwa na Harry Nyquist na Claude Shannon zinaonyesha kwamba ukilipima wimbi kwa zaidi ya mara mbili ya mtetemo wake wa juu kabisa, vipimo vyako vinatosha kulijenga upya wimbi lote. Mapengo kati ya kipimo na kipimo hayapotezi chochote ambacho sikio lingekipata.

Tarakimu zina tabia moja ambayo utepe hauna: zinaweza kukaguliwa. Shannon, akiwa Bell Labs nchini Marekani, alionyesha mwaka 1948 jambo ambalo wahandisi wengi hawakulitegemea, kwamba ujumbe unaweza kupita katika njia yenye kelele na kufika bila makosa, alimradi usipitishwe kwa kasi inayozidi uwezo wa njia hiyo na uongezewe tarakimu za ukaguzi. Miaka miwili baadaye mwenzake wa maabara hiyohiyo, Richard Hamming, alichapisha njia ya kuzitunga tarakimu hizo ili kosa ligundulike na lisahihishwe lenyewe. Wazo la msingi linaeleweka na yeyote aliyewahi kufunga hesabu za duka. Nikikutumia namba 4, 7 na 2, pamoja na jumla yake 13, nawe ukapokea 4, 1, 2 na 13, utajua mara moja kwamba kuna kilichoharibika njiani na utaniomba nitume tena.

Waya wa USB unafanya hivyo muda wote bila kukuambia. Kila kifurushi cha data kinachopita humo hufuatana na namba ya ukaguzi yenye biti 16. Kompyuta hupiga hesabu upya, na hesabu isipolingana kifurushi hutumwa tena. Diski nayo huhifadhi tarakimu zake za kusahihishia makosa. Kwa hiyo nakala inayofika kwenye kompyuta haifanani tu na ile ya kwenye pleya, ndiyo ileile, biti kwa biti, na nakala ya mia moja haitofautiani na ya kwanza. Hofu ya kaseti ifie hapo.

Sasa tuje kwenye sikio, maana huko ndiko wimbo unakopunguzwa, na unapunguzwa makusudi.

Ukisimama karibu na mashine ya kusaga mahindi huku mwenzako akikunong'oneza, mnong'ono wake unafika sikioni na unaitikisa ngoma ya sikio, ila husikii neno. Sauti kubwa imeifunika ndogo. Mwaka 1876 Mmarekani Alfred Mayer aliandika jambo la ajabu zaidi kuhusu kufunikana huku, kwamba sauti nene inaweza kuimeza sauti nyembamba, ila nyembamba haiwezi kuimeza nene. Sababu yake ilikuja kueleweka kutokana na kazi ya Georg von Békésy, mzaliwa wa Hungaria aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1961. Békésy alichunguza koklea, ule mrija mdogo uliojisokota ndani ya sikio, kutoka kwenye maiti, na akaona kwamba sauti husafiri ndani yake kwa mawimbi. Wimbi la sauti nyembamba hupanda na kufia mlangoni mwa mrija. Wimbi la sauti nene hupita hapo mlangoni, likaendelea hadi karibu na ncha. Yaani besi ikienda kwake hupitia nyumbani kwa filimbi, na ikiwa kubwa huishughulisha sehemu ile ambayo ingeisikia filimbi. Filimbi haifiki nyumbani kwa besi.

Watafiti wa Ujerumani, hasa Eberhard Zwicker, waliyapima mambo haya kwa subira ya miaka mingi. Zwicker aliigawa sauti tunayoisikia katika mafungu 24, na ndani ya kila fungu ikawezekana kusema: sauti ya kimo hiki ikiwepo, chochote kilicho chini ya kimo kile hakitasikika. Wakapima pia kufunikana kwa wakati. Baada ya mshindo mkubwa sikio hubaki zito kwa sehemu ya sekunde, na la kushangaza ni kwamba mshindo unaweza kufunika hata kijisauti kilichoutangulia, ila kwa milisekunde chache tu.

Hapo ndipo ilipozaliwa MP3. Katika Chuo Kikuu cha Erlangen-Nuremberg, profesa Dieter Seitzer alitaka kupitisha muziki kwenye laini ya simu. Alipoomba hataza ya wazo hilo, mkaguzi akamjibu kwamba jambo hilo haliwezekani. Seitzer alimkabidhi tatizo hilo mwanafunzi wake, Karlheinz Brandenburg, naye pamoja na wenzake wa chuo hicho na wa Taasisi ya Fraunhofer, wakishirikiana na watafiti wa nchi nyingine, wakalifanyia kazi kwa miaka mingi. Kiwango cha kimataifa kilikamilika mwaka 1992 na kuchapishwa 1993, na kile kimkia cha jina la faili, .mp3, kilikubaliwa Julai 1995.

Wengi husema MP3 hutupa sauti zisizosikika. Kuna ukweli ndani yake, ila namna inavyofanya kazi ni nzuri zaidi ya hapo. Programu ya kubana huukata wimbo vipande vya vipimo 1,152, kila kimoja kama milisekunde 26, na kwa kila kipande huuliza: katika fungu hili la sauti, sikio la binadamu linaweza kuvumilia kelele kiasi gani bila kuitambua? Kisha huziandika namba kwa kuzikadiria. Mahali ambapo sikio ni kali hukadiria kwa uangalifu, na pale lilipofunikwa hukadiria ovyo. Makadirio ni makosa, na makosa katika muziki ni kelele. Kwa hiyo kila wimbo wa MP3 unaousikiliza umejaa kelele kutoka mwanzo hadi mwisho, na kelele hiyo imepachikwa kwa hesabu chini kidogo ya mahali ambapo sikio lingeinasa.

Faida yake ni kubwa. Wimbo wa dakika nne kwenye CD hula megabaiti 42 hivi. Kwa MP3 ya kiwango kilichozoeleka cha kilobiti 128 kwa sekunde, hula chini ya megabaiti 4. Ni sehemu moja tu ya kumi na moja.

Muziki mwingine hauna pa kuficha kelele. Brandenburg alisoma katika jarida la vyombo vya muziki kwamba wimbo wa Suzanne Vega uitwao «Tom's Diner» hutumiwa kupima spika, akaujaribu kwenye programu yake. Sauti ikatoka imeharibika vibaya. Katika wimbo huo mwimbaji yuko peke yake, hana ngoma wala gitaa, kwa hiyo hakuna cha kuifunika kelele. Tena sauti yake hutoka katikati, wakati kelele za makadirio zilitoka pande zote mbili, na masikio mawili yakishirikiana huzitambua upesi. Alirudi kwenye wimbo huo mara nyingi mno hadi programu ilipoumudu. Mtihani mwingine ulikuwa kastaneti, vile vibao vya kugonganishwa vya Hispania. Kishindo kikali kikitokea baada ya kimya, kelele za makadirio husambaa katika kipande kizima cha wimbo, hata sehemu iliyo kabla ya kishindo, na kwa kuwa kishindo hufunika milisekunde chache tu za nyuma yake, unasikia kama mchanga unamwagika kabla ya pigo. Msomaji anayependa taarabu aijaribu MP3 iliyobanwa sana kwa kusikiliza dumbak na tari, au makofi ya wanaoitikia. Mapigo yanapoteza ukali wake na yanakuwa na ukungu mbele yake. Huo ndio mchanga wenyewe.

Kutokana na hayo, msomaji ataona mwenyewe kwa nini kubana mara ya pili kunaumiza. Programu ya pili haijui kwamba ndani ya wimbo kuna kelele zilizofichwa na ya kwanza. Inazichukua kuwa ni muziki, inazitunza kwa gharama, kisha inaongeza kelele zake juu. Vipande vyake havikatiki pale vilipokatika vya kwanza, kwa hiyo ufichaji wa awali unavurugika. Nafasi chini ya pazia la sikio ilikuwa imeshajaa, na kinachoongezwa kinachungulia. Na ukibadilisha MP3 ya kilobiti 128 kuwa faili kubwa la kilobiti 320 hupati ubora uliopotea. Umelinunulia faili nguo kubwa tu, na njiani umeliongezea kelele.

Kwa sababu hiyohiyo nasikitika nikiona mtu anachomeka waya kutoka tundu la hedifoni la pleya hadi tundu la maikrofoni la kompyuta, kisha anarekodi nyimbo moja baada ya nyingine usiku kucha. Amezigeuza tarakimu kuwa umeme, akauchanganya umeme huo na mivumo ya waya, akaugeuza tena kuwa tarakimu, na mwishoni akabana upya. Amerudi kwenye kaseti kwa hiari yake, ilhali faili lenyewe lilikuwa pale linasubiri kunakiliwa kwa sekunde chache.

Tatizo ni kwamba iPod haikuonyeshi faili hilo. Ili kuelewa kwa nini, inafaa kujua kifaa kile kilivyotengenezwa. Apple ilikitangaza Oktoba 23, 2001, kikiwa na diski ya gigabaiti 5 na ahadi ya nyimbo elfu moja mfukoni. Bila kubana, zisingefika 120. Ila kubana peke yake kusingetosha. Ilihitajika pia diski yenye upana wa inchi 1.8 inayoweza kubeba gigabaiti zote hizo, na hiyo iliwezekana kwa ugunduzi mwingine kabisa. Mwaka 1988 Albert Fert nchini Ufaransa na Peter Grünberg nchini Ujerumani, kila mmoja na kundi lake, waligundua kwamba ukipanga tabaka za chuma na kromi zenye unene wa atomu chache tu, upinzani wa umeme ndani yake hubadilika sana kwa kuguswa na sumaku kidogo. Kichwa cha kusomea diski kilichotengenezwa kwa ujuzi huo kiliweza kuhisi alama za sumaku ndogo kuliko zote zilizosomeka kabla yake, na alama zikiwa ndogo, nyingi hukaa mahali padogo. IBM iliuza diski za aina hiyo kuanzia mwaka 1997. Fert na Grünberg walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2007, na kwa wakati huo watu wengi walikuwa wakitembea na ugunduzi wao mfukoni bila kuwajua.

Kwa upande wa mitambo, basi, hakuna kizuizi chochote. Diski inayosomeka ili ucheze wimbo inasomeka pia ili uunakili. Barabara ilifanywa ya upande mmoja na binadamu, kwa sababu za sheria na biashara. Mwaka 1998 kampuni ya Diamond ilitoa pleya iitwayo Rio PMP300, yenye megabaiti 32, ambazo ni kama nusu saa ya muziki, au nyimbo mbili tatu za taarabu ya asili. Chama cha kampuni za rekodi za Marekani kikaishtaki. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa iliamua upande wa Diamond, na ilikubali kwamba mtu anayehamisha nyimbo zake mwenyewe ili azisikilize akiwa safarini hajafanya kosa. Katika hukumu hiyo majaji waligusia kwamba Rio hupokea tu: haikuweza kuurudisha wimbo kwenye kompyuta wala kuupeleka kwenye kifaa kingine. Miaka miwili baadaye iPod za kwanza ziliuzwa zikiwa na utando wa plastiki juu ya kioo, ulioandikwa kwa lugha nne, ukimwasa mnunuzi asiibe muziki, na programu yake, iTunes, ilipeleka nyimbo kutoka kompyuta kwenda iPod tu. Haikuzirudisha.

Nauelewa wasiwasi wa wenye rekodi. Wanamuziki wetu wanajua maumivu ya kazi kurudufiwa na kuuzwa mitaani bila wao kuambulia senti. Lakini kumfungia mtu nyimbo zake mwenyewe, hata zile alizozirekodi sebuleni kwake, ni kumwadhibu asiye na kosa, na gharama yake inalipwa sasa, vifaa vinapozeeka.

Kariakoo nilikaa kwenye meza ya fundi mmoja wa simu wakati mama mtu mzima alipofika na iPod nyeupe iliyofungwa kwenye leso. Alikuwa ameishi Muscat miaka mingi na mumewe, ambaye ndiye aliyezihamisha kaseti za familia kwenye kompyuta, na kutoka kwenye kompyuta hadi humo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Humu mna kanda zote za marehemu. Wenzio wameniambia zikitolewa zitafutika.”

“Hazifutiki mama. Ila nikichomeka tusikimbilie kubonyeza chochote.”

Tahadhari ile ilikuwa na maana yake. iTunes ikikutana na iPod iliyozoeana na kompyuta nyingine, huuliza kama unataka kufuta yaliyomo na kuingiza ya kompyuta hii. Ukijibu ndiyo kwa pupa, kazi imekwisha. Fundi alibana Ctrl na Shift kwa pamoja alipokuwa anachomeka, jambo linaloizuia programu isianze kupatanisha yenyewe. Kwenye Mac ni Command na Option. Kisha akaifunga iTunes kabisa, akaifungua iPod kama anavyofungua flashi. Ilionekana tupu, na mama akashtuka. Fundi akawasha mpangilio wa Windows wa kuonyesha mafaili yaliyofichwa, ikajitokeza folda iitwayo iPod_Control, ndani yake Music, na ndani ya hiyo folda nyingi zenye majina F00, F01, F02 na kuendelea.

Alipoifungua ya kwanza, mama aliinama karibu na kioo. “Hizi ndizo nyimbo? Mbona zina majina ya ajabu?” Kila faili lilikuwa na herufi nne zisizo na maana, na nyimbo za santuri moja zilitawanywa katika folda mbalimbali. iPod haihitaji majina, kwa kuwa ina daftari lake pembeni, faili liitwalo iTunesDB, linaloiambia kwamba wimbo fulani wa mtu fulani uko kwenye F07 kwa herufi kadhaa. Fundi hakuhangaika nalo. Alizinakili folda zote kama zilivyo hadi kwenye kompyuta, akaiacha iPod kwenye waya muda wote. Diski za iPod za namna ile hazikuzoea kazi ndefu. Wimbo ukichezwa, pleya hunyakua dakika kadhaa za muziki na kuziweka kwenye kumbukumbu yake ya umeme, kisha diski inalala, wakati kunakili folda nzima kunaizungusha bila kupumzika na betri kuukuu haihimili.

Majina yalirudi kutokana na lebo. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni namna ya kuongeza baiti 128 mwishoni mwa faili la MP3, zenye nafasi ya herufi 30 za jina la wimbo, 30 za mwimbaji, 30 za albamu, mwaka na aina ya muziki. Hiyo ndiyo lebo ya ID3, na matoleo yake ya baadaye yana nafasi kubwa zaidi. Zipo programu za bure, kama Mp3tag, zinazosoma lebo na kubadilisha majina ya mafaili yote kwa mpigo. Dakika chache zilitosha kwa nyimbo za madukani. Zile za kaseti za nyumbani hazikuwa na lebo yoyote, zilibaki herufi nne tu, na hapo fundi akampa mama hedifoni. Alisikiliza kidogo, akasema, “Hii arusi ya mdogo wangu, Tanga. Anayepiga kanuni ni mjomba wetu.” Fundi akaandika. Nyingine. “Hii maulidi, nyumbani kwa baba.” Akaandika. Programu ya kutambua nyimbo ingemwambia nini juu ya maulidi ya nyumbani kwa baba yake?

Si kila pleya ina mzunguko huo. Nyingi ndogo za bei nafuu hujifungua kama flashi, ukavuta nyimbo na kuziweka unapotaka. iPod iliyoandaliwa kwenye Mac haisomeki kwenye Windows hivihivi, kwa hiyo tafuta Mac ya kuazima. Iliyoandaliwa kwenye Windows husomeka kote kuwili. iPod touch haijifungui kama diski hata kidogo na inahitaji programu maalumu. Ukikuta faili lenye kimkia cha .m4p, huo ni wimbo ulionunuliwa kabla Apple haijaondoa kufuli kwenye nyimbo zake mwaka 2009. Unanakilika, ila hauchezi bila akaunti ya aliyeununua.

Pleya zisizo na diski, kama iPod nano, hazina kinachozunguka, na watu hudhani kwa hiyo haziharibiki. Kumbukumbu yake, aliyoibuni Fujio Masuoka wa Toshiba miaka ya 1980, huweka kila biti kwa kunasa elektroni ndani ya kisiwa kidogo kilichozungukwa na kizuizi cha umeme. Elektroni huvuja polepole, na joto huharakisha uvujaji. Pleya iliyokaa miaka mingi kwenye kabati la nyumba ya pwani haipaswi kusubiri mwaka mwingine.

Nyimbo zikishatoka, ziweke mahali pawili tofauti, na usizibadilishe muundo. Huna sababu ya kufanya hivyo: hataza za MP3 zimekwisha, na Fraunhofer ilifunga mpango wake wa leseni mwaka 2017, kwa hiyo yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuzisoma bila kumlipa mtu. Ukitaka kumtumia ndugu aliye mbali, mtumie faili lenyewe. Na ukitaka kuandika nani anapiga kanuni na arusi ilikuwa ya nani, andika kwenye lebo kwa kirefu unachotaka, maana lebo hukaa pembeni ya muziki na haigusi hata biti moja ya wimbo.